Demani Haifungwi

"Ukijiuliza kama wakati wa kupunguza tanga umefika,
umeshapita," alisema Shangazi Salme,
nasi bado tumo bandarini Sõru, maji yametulia kama uji uliopoa,
yeye keshalikunja tanga mikunjo miwili
na anakaza fundo la mwisho kwa meno.

Kaarel wa duka la misumari akatupita,
tanga lote juu, limetuna, katuonyesha kidole gumba.
Nikaona haya. Nilikuwa na miaka kumi na minne,
na haya ile ilikuwa nzito kuliko koti la kuokolea.

Kwetu maji hayavuliwi nguo.
Kwetu maji huyavalia: sufu, sufu tena, mpira juu,
kisha mshipi, kisha kamba toka mshipini hadi chomboni,
"maana wewe na mashua mmeshaoana.
Talaka ni ufukweni."

Mlango wa Soela ni mfupi. Kisiwa cha pili unakiona,
unaona hata ng'ombe wake.
Ndiyo hila yenyewe. Kina ni haba, na wimbi la kina haba
halina mgongo mrefu wa kukupandisha ukashuka;
huja wima, jingine kisogoni mwake,
kama watu wanaogombea mlango.

Saa saba upepo uligeuka.
Upepo sikuuona. Niliona maji yakiingia weusi,
na weusi ule unatujia mbio.

"Usilipe wimbi ubavu. Lipe bega.
Panda mshazari, kileleni legeza, bondeni vuta."
Na demani, ile kamba ivutayo tanga, nikataka kuifunga kigingini.
Alinichapa kofi la mkono.
"Haifungwi! Ishike.
Kigingi hakijui kuachia."

Dharuba ikapiga. Nikaachia.
Tanga likapayuka,
mashua ikainuka, ikajikung'uta maji kama mbwa.
Vuta. Achia. Vuta.
Yeye usukanini, mimi demanini, ndoo katikati ya magoti,
mkono mmoja kamba, mmoja kufua maji ya ngama.
Hofu ilikuwepo, ila haikupata pa kukaa.

Kaarel tulimkuta juu ya mashua iliyolala ubavu,
ameketi kama mtu anayesubiri basi,
midomo ya buluu.
Demani yake niliiona chini ya maji:
imefungwa vizuri, fundo safi kabisa.

Shangazi hakusema neno.
Alizunguka, akamwendea toka chini ya upepo,
tanga limelegezwa, linatetema tu,
akamvuta ndani kwa ukosi kama gunia la viazi.

Triigi kulikuwa na chai. Sikuweza kushika kikombe:
vidole vilikuwa vimekunjamana juu ya kamba isiyokuwepo.
Salme alivifungua kimoja kimoja, kile kidogo mwisho.
"Achia," alisema. "Tumefika."
Na Kaarel, meno yakigongana,
akauliza kama kuna sukari.