Kiwiko cha Baba

Moto ulishuka mlimani Jumamosi mchana,
ukala mikaratusi, ukala Mtaa wa Los Aromos,
ukafika kwenye kabati la mama
ambamo albamu tatu zilifungwa kwa utepe wa sketi.

Sasa tunaombaomba nyuso zetu.

Shangazi Herminda ametuma moja kutoka Temuco,
kona imeliwa na panya, lakini meno ya dada yapo.
Shuleni wametoa ya darasa la nne:
mimi wa pili kutoka mwisho, nimefumba macho.
Ofisi ya vitambulisho imempa mama sura yake,
ndogo kama stempu, imenuna.

Marehemu baba hatukumpata.
Yeye ndiye aliyeshika kamera, siku zote,
akituambia sogeeni, sogeeni, bananeni.

Jana Nibaldo, yule wa duka la mikate,
ambaye mama hakumsalimu miaka tisa kwa ugomvi wa uzio,
alibisha hodi kwenye kontena letu
na picha ya harusi ya bintiye.
Nyuma ya keki, pembeni kabisa: mkono umekunjwa,
shati la mistari, kiwiko kina kiraka cha buluu.

Mama alikitazama kiraka.
"Nilikishona mimi," akasema. "Uzi haukufanana."
Akamvutia Nibaldo kiti.

Nimekibandika ukurasa wa kwanza,
nikaacha nafasi pande zote.
Huenda baba aliyebaki
amelala kwenye albamu ya mtu,
Villa Alemana huko, au mbali zaidi,
nyuma ya keki nyingine.