Kipimo Thelujini

Ubao wa Tapani hauna kifua wala koo:
plaiwudi ya milimita tatu
imening'inizwa kwa mshipi,
mgongoni kitetemeshi kama kinundu,
si katikati, kando kidogo.
Haupigi hewa ngumi. Unajikunja,
unasisimka wote,
kama ngozi ya farasi nzi akitua.

Gereji ilimdanganya. Kila ukuta
ulikuwa na neno lake,
na kinasa sauti kikaandika umbea wote.

Basi leo ameutoa nje, hapa Oulu,
nyuzi kumi na nane chini ya sifuri,
theluji hadi magotini,
theluji isiyomrudishia mtu sauti yake.

Mluzi ukapanda, kutoka ngurumo hadi sindano.
Kwenye skrini vilima,
na penye hezi mia mbili na kumi, shimo.

Akabandika sponji pembeni,
kama plasta kwenye goti la mtoto.
Akarudia. Shimo likapungua.
Mara ya tatu mbwa wa Hellevi akabweka;
naye yumo grafuni,
jino moja jembamba.

Hakumfuta.
Aliandika kwa penseli, vidole vimekufa ganzi:
Ubao wa kumi na nne. Bado.
Mbwa: safi kabisa.