Korosho Kumi na Tatu

Hatukuwa na sherehe. Niseme mapema,
maana mama mkwe atauliza: mlisherehekea nini?
Umeme ulikatika Chuno tangu alasiri,
samaki wangu bado ana magamba ndani ya karai,
Mfaume akasema, "Vaa kandambili zako, twende."
Nikavaa.

Mkahawa wa Mchina uko Shangani, nyuma ya duka la matairi:
meza sita, paka wa dhahabu anayepunga mkono
kama anamwita mdeni wake,
na jenereta nje, linakohoa.
Mhudumu ni binti wa Tandahimba, alitujua kwa lafudhi,
akatunong'oneza kabla hatujauliza:
"Nguruwe yuko ukurasa wa mwisho tu.
Sufuria yake mbali, mwiko wake mbali. Msiwe na shaka."
Mfaume akaufunga ukurasa wa mwisho
taratibu, kama mlango wa jirani.

Zikaja tambi.
Jamani, tambi!
Mimi tambi nazijua za Iddi,
za nazi na iliki, za sukari hadi jino liseme.
Hizi zina chumvi, zina karoti,
zimelowa sosi nyeusi kama oili ya pikipiki.
Nilitafuna nikingoja utamu ufike.
Haukufika. Ukafika mwingine.

Kisha kuku wa korosho.
Mfaume aliinama juu ya sahani
kama alivyoinama siku ya mnada
bei iliposomwa na watu wakanyamaza.
Akahesabu kwa kidole.
"Kumi na tatu, Somoe. Kwa bei hii!
Gunia letu moja lingenunua mtaa."
Nikacheka hadi meza ya pili wakageuka.
Zetu zilipanda meli na maganda yake.
Hizi zimerudi uchi, zimekaangwa,
wala hazitusalimii.

Nikaomba kijiko. Yeye hakuomba.
Alichukua vile vijiti viwili,
akavigonga mezani vilingane,
akaokota korosho moja, telezi, yenye mafuta,
akaileta hadi mdomoni mwangu
bila kutetemeka.

Miaka kumi na moja, mimi na mtu huyu.
Najua goti lake lipi linauma mvua ikikaribia,
najua uongo wake kwa anavyovua kofia.
Vijiti sivijui.
"Nani kakufundisha?"

Akakaa kimya. Paka akapunga.
"Kambini," akasema. "Barabara ya Newala."
Ile miezi tisa.
Mimi na Asumini mchanga, homa, paa linavuja,
yeye anatuma pesa kwa simu na neno moja: "Imefika?"
Nami najibu: "Imefika."
Basi.

"Kulikuwa na mpishi, Lyu.
Alipigiwa simu, mama yake kafa. Ruhusa hakupewa.
Usiku ule alipika kama kawaida, watu arobaini,
kisha akaja kukaa na mimi getini, mlinzi.
Kiswahili chake maneno ishirini,
huzuni haimo.
Akanipa vijiti. Tukaokota punje za mahindi
kutoka kopo hili kwenda kopo lile
mpaka adhana ya alfajiri."

"Mbona hukuniambia?"
"Ungeniuliza kama nililia."
"Ningekuuliza."
"Ndiyo maana."

Nilikuwa na hasira kidogo. Na wivu, niseme kweli,
wivu wa kopo la mahindi.
"Nionyeshe," nikamwambia.
Akavipanga vidole vyangu, hiki kitulie, hiki kicheze.
Korosho ya kwanza ikaruka chini ya meza,
ya pili ikatumbukia kwenye chai.
Binti wa Tandahimba akajifanya anafuta dirisha.

Hesabu ikavurugika. Ikabaki moja,
kila mmoja akimwachia mwenzake,
hadi sahani ikapoa.
Nikaifunga kwenye tishu.

Nyumbani umeme ulikuwa umerudi,
samaki ananikodolea macho karaini.
Asumini hajalala. Akaifungua tishu,
akaitia mdomoni, akatafuna polepole,
akatutazama mmoja mmoja.
"Kumbe," akasema, "ya kwetu tu."