Kiti Thelujini

Mtaani kwetu, mlimani Pittsburgh,
ukichimba theluji saa mbili kwa beleshi
mpaka lami itokeze nyeusi kama kaniki,
unaingia ndani, unatoka na kiti,
unakiweka palepale ulipochimba.
Basi. Pamekuwa pako.
Hakuna hati, muhuri, wala shahidi.
Manispaa inasema barabara ni ya wote,
inasema hivyo kila Januari,
lakini viti havina masikio.

Wasilewski, mfua chuma mstaafu,
huweka stuli aliyoirithi baa ilipofungwa.
Jirani yake, meza ya kupigia pasi.
Mali bila daftari, tuliambiwa, huisha bila habari.
Hapa daftari ni miguu minne.

Shuleni mwalimu alitufundisha
kwamba kabla ya serikali
kila mtu alikuwa fisi kwa mwenzake,
mpaka siku watu walipokaa kitako wakapatana.
Nikanyoosha mkono: Walikaa wapi?
Nani alileta viti?
Akanitoa nje.

Mimi ni mtu wa zamu ya usiku.
Nafua mashuka ya hospitali,
ya tajiri na ya asiye na bima, ngoma moja.
Jumamosi ile, saa kumi na mbili na robo,
nilikuta katapila la theluji limepita,
limefukia pangu, kiti na vyote,
mguu mmoja tu umechomoza
kama wa mtu anayeomba ruhusa.
Nikazunguka mara tatu.
Palikuwa na nafasi moja,
na ndani yake kiti cha mtoto,
cha plastiki, cha waridi, na picha ya bata.

Mtaa umelala. Hakuna askari, hakuna kamera,
hata mbwa hakuna.
Nilikiinua kwa vidole viwili.
Hakikufika kilo.
Hiki ndicho kilichokuwa kikizuia malori?

Saa moja alikuja, Denise Kovalik,
gari kuukuu, mlango mmoja rangi nyingine.
Akasimama. Akalitazama gari langu,
kisha madirisha, moja baada ya moja.
Nikajificha, mtu mzima, baba wa wawili,
nyuma ya pazia.
Nilingoja ufunguo uchubue rangi,
nilingoja ndoo ya maji, milango igande.
Ningefurahi. Tungekuwa sawa.
Yeye akaokota kile kiti kwenye lundo,
akakipangusa kwa mkono wa koti,
akakiweka nyuma, kando ya mtoto,
akateremka mlima.

Hapo ndipo nilipousoma mkataba,
nikiwa nimeshauchana.

Nilishuka. Nikapeleka gari kwenye maegesho ya kulipia,
nikarudi kwa miguu, dakika arobaini,
nikakifukua kiti changu, cha mbao, kizito,
nikakiacha pake.
Sikuandika kitu.
Ningeandika nini, na nitie saini ya nani?

Usidhani nimekuwa malaika.
Mwamba ngoma huvutia kwake:
dhoruba iliyofuata nilichimba
shubiri mbili zaidi ya haja ya gari,
Wasilewski akanipima kwa jicho,
akakohoa,
nikarudisha shubiri moja.

Machi, theluji ikayeyuka.
Viti vikarudi jikoni bila kuagana,
barabara ikawa tena ya wote, yaani ya anayewahi,
na yote tuliyopatana bila kusema
yakateremka mferejini pamoja na chumvi.

Kiti changu hakijarudi.
Naye hajasema, nami sijauliza.
Tukikutana anainua kidevu, nami nainua changu.
Asubuhi, nikitoka zamu,
nanywa chai nimesimama.