Namba ya Jumanne

Saa tatu asubuhi, kila Jumanne ya kiangazi,
nateremka hatua arobaini na moja hadi gatini
na chupa ya jamu kwapani.
Lebo haijabanduka. Mwandiko wa Helvi:
Puolukka, Septemba. Mwaka umefutika.
Mimi sijaikwangua, na maji hayajaiweza.

Nainama; goti la kushoto lanung'unika.
Nachota, naiweka chupa juu ya ubao, nakaa.
Kanuni yataka saa nzima.
Usitikise. Usichungulie mno.
Chenye kuelea kitapanda chenyewe,
kijifunge shingoni mwa chupa
kama ushanga wa kijani.

Miaka kumi na sita napeleka namba mjini.
Nyingi zilikuwa sifuri,
na sifuri haina shukrani:
hakuna anayekupigia simu kukwambia
ahsante, Ensio, hakuna kitu.
Moja ni chembe chache, utadhani chavua ya betula.
Mbili ni utando.
Tatu niliiandika mara moja tu, kwa penseli,
mwaka aliozikwa Helvi,
nikaona aibu, kana kwamba ziwa
limevuliwa nguo mbele ya wageni.

Leo ni siku ya tisa bila upepo.
Usiku wa Ufini mwezi huu haufumbi macho,
na maji nayo hayakulala: yamekuwa mazito
kama supu ya njegere tunayokula Alhamisi,
na leo si Alhamisi.
Natwaa kijiti, nakoroga, nainua.
Mwani wa kawaida hung'ang'ania kijiti
kama nywele kwenye chanuo.
Huu hauna cha kushikwa. Wateleza, wamumunyuka,
wabaki rangi tupu nchani
na harufu ya majani yaliyoozea shimoni.

Ndipo akaja Taisto na mabuti yake ya mpira,
mdogo wangu, mwenye ng'ombe sitini
na vibanda vitano vya kukodisha.
Ijumaa wanafika Wajerumani,
watoto wawili na mbwa.
"Andika moja," akasema. "Kesho upepo utageuka."
Ni kweli, upepo hugeuka.
Ni kweli pia kwamba shamba lake limeinamia mfereji,
na samadi, mvua ikinyesha, haiulizi njia.
Na ni kweli kwamba mwaka juzi, paa langu lilipovuja,
ni yeye aliyelipia mabati.
Sikusema lolote. Nilimmiminia kahawa
kwenye kifuniko cha themosi.
Kwetu hivyo ndivyo ndugu wanavyogombana.

Tukakaa. Dakika arobaini. Hamsini.
Kijani kikapanda taratibu,
kikafika nyuma ya lebo,
kikaziba mwanga uliokuwa ukipenya
katikati ya herufi za Helvi.
Taisto akaitazama chupa mpaka kahawa ikapoa.
"Tulikuwa tunayanywa haya," akasema. "Kifudifudi.
Kama ndama."
Akaondoka bila kuaga.

Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge:
aliyesema hivyo hakuwa na chupa.
Nikaandika mbili. Nikaifuta.
Nikaandika tatu, kwa wino.

Jioni, ng'ambo ya matete, nilimwona
ameingia majini hadi magotini,
anaing'oa ngazi ya waogeleaji,
kisha anaipandisha kilimani, begani,
kama mtu aliyebeba mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Mimi nilioga saunani kwa ndoo mbili za kisimani.
Halafu nikayamwaga maji ya chupa nyasini, mbali na ufuo,
kana kwamba ziwa litapona
kwa kupungukiwa nusu lita.