Chupa Kwapani

Kaskazini mwa Mongolia, Januari.
Kwingine hubeba barafu kuilinda chanjo na joto;
mimi naificha chupa kwapani,
ndani ya koti la ngozi ya kondoo,
maana ikiganda, imekufa.

Mtoto kazaliwa alfajiri. Tuna saa ishirini na nne.
Kumi na tisa zimeishia barabarani
(barabara gani! mto ulioganda,
na farasi wa Batsukh akikohoa moshi).

Bibi yake kasimama mlangoni pa hema.
"Hajamaliza hata siku, unataka kumchoma?"

Simjibu kwa vitabu. Namuuliza habari za marehemu mumewe.
Anachochea jiko kwanza.
"Macho yalimgeuka njano kama siagi,
tumbo likajaa maji. Watu wakasema pombe.
Nami nikasema pombe."

"Huenda alizaliwa nayo, homa ya ini.
Mamaye naye hakujua.
Haikai kwenye bakuli wala kwenye kumbatio.
Hukaa damuni, kimya, miaka arobaini."

Samadi kavu inapasuka motoni.
Kumbe kilichomkata maini mama huyu
si kifo.
Ni lile neno: mlevi.

Anamfunua mtoto paja kwa mkono wake mwenyewe.
Natikisa chupa; maji yake hayana mabonge,
yana joto langu.
Sindano. Kilio kimoja, kikali, cha mtu mzima kabisa.

Nafunga mkoba. Bado hajaketi.
Anakunja mkono wa kanzu yake nzito
hadi kiwikoni, polepole.
"Na hii yangu," anasema, "nani ataipima?"