Plagi Kumi na Mbili

Murtaza alilivuta kwa kamba kutoka Upanga,
gari la marehemu babake, jeupe lililogeuka rangi ya jino,
la Kijerumani, injini mgongoni,
silinda sita zimelala ubavu, tatu huku, tatu kule,
kama wagonjwa wodini.
"Fundi Mbonde, kila silinda nataka plagi mbili."
Kwani moja ina dhambi gani?

Haina dhambi. Ina umbali.
Chumba cha mwako kina kuba mfano wa kawa,
na plagi imekaa ukingoni
kama mgeni aliyeachiwa kigoda karibu na mlango.
Cheche ikiruka, moto huanza safari kutoka pale,
ukifika ng'ambo, pistoni imeshageuka kushuka.
Ndiyo maana fundi huiwahisha cheche kabla ya wakati,
kama mtu wa Chanika mwenye zamu ya asubuhi bandarini,
anayeamka saa tisa usiku na bado anachelewa.

Nilitoboa hedi tano bila kumeza mate.
Aluminiamu ilitoka nywele nywele, ikameta miguuni.
Ya sita, adhuhuri,
umeme wa Gerezani ukapepesa jicho,
mashine ikasita, ikarudi na ghadhabu,
keekee ikateleza, ikala kiti cha valvu.

Nikakaa juu ya ndoo.
Hedi kama ile Kariakoo nzima haipo.

Mwenye kuchomea aluminiamu kwa agoni bila kuipinda
mji huu namjua mmoja.
Kinyogoli.
Tuliachana kwa deni la mashine hii hii ya kukereza,
au niseme kweli: kwa neno nililomwambia mbele ya mkewe.
Siku ile alikata kibao chetu kwa msumeno,
akaondoka na jina lake, akaniachia NA MBONDE.
Miaka kumi na mmoja wateja wageni
wanadhani Na ni jina nililopewa na wazazi.

Nilikwenda Keko kwa miguu,
hedi nimeifunga kwenye kitenge kama mtoto wa homa.
Nikabisha hodi. Hakuitika.
Alinyoosha mikono, akaipokea,
akapitisha kidole gumba kwenye jeraha.
"Umetumia keekee butu."
"Umeme."
"Butu."
Akashusha kofia ya kuchomea.

Siku ya tatu aliileta mwenyewe,
akachutama, akaanza kupanga waya:
koili mbili, distributa moja yenye kofia ya miguu kumi na miwili,
pweza aliyezidishiwa.
Tulizungumza kwa namba za spana.
"Kumi na tatu."
"Kumi na saba."
"Siyo hiyo."

Murtaza akaja na kaimati ndani ya gazeti,
akasema kidole kimoja hakivunji chawa.
"Hapa hakuna chawa," alisema Kinyogoli. "Washa."

Ilikohoa mara mbili. Ikashika.
Wafua masufuria wa mtaa wa pili wakaacha kugonga.
Haikunguruma; ilikuwa kama kitambaa kizito
kinachochanwa taratibu na mtu mwenye nafasi.
Murtaza aligeukia ukuta, akajifanya anasoma kalenda ya mwaka juzi.

Mimi mkono wangu ulikuwa kwenye distributa,
nikiivuta mbele kwa mazoea.
Kinyogoli akamulika taa ya taiming kwenye puli.
"Irudishe nyuma. Nyuzi kumi.
Iache ichelewe.
Moto ukianza pande mbili hukutana katikati,
hauna haja ya kukimbizwa."

Alikuwa anasema injini.
Nadhani.

Akanawa mikono kwa dizeli, akajifuta kwa suruali,
mlangoni akasimama, akasoma nusu ya kibao
polepole, kama barua.
"Nusu yangu," akasema, "inaziba tundu la banda la kuku."
Akaenda zake.

Kesho yake nilinunua kipande cha bati.
Saizi ya tundu niliikisia.